Kabla ya Kumwita Mvivu, Mpime Damu

Dada yangu alifurahi kwamba sweta ya shule aliyomnunulia mwanawe akiwa gredi ya pili bado ilimtosha alipofika gredi ya nne. Kwa mama anayeishi Githurai, anayelipa kodi ya nyumba, maji ya mitungi na chakula cha mchana cha shule, sweta isiyohitaji kubadilishwa ni akiba. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini mtoto hajarefuka kwa miaka miwili. Mwalimu alikuwa amekwisha kutoa uamuzi wake: "Huyu kijana ni mvivu. Saa nne haijafika, ameshalala juu ya dawati." Nyumbani nasi tukaitikia. Tulimwona akisimama mara mbili kupumzika kabla ya kufika orofa ya tatu, tukamwita mvivu vilevile.

Jumamosi moja nilimkuta nyuma ya ngazi akichokora rangi ya chokaa ukutani kwa ukucha na kuitia mdomoni. Nilimvuta mwangani, nikashusha kidogo ngozi ya chini ya jicho lake. Mahali panapofaa kuwa pekundu palikuwa peupe. Jumatatu tulikwenda naye zahanati. Akatobolewa kidole, akatoa choo kidogo kwenye kikopo, tukangoja kwenye benchi. Mpimaji alirudi na karatasi iliyoandikwa damu 8.9, na kwamba mayai ya minyoo yameonekana. "Mama," akamwambia dada yangu kwa upole, "huyu si mvivu. Huyu hana damu."

Ninaandika haya kwa mzazi, mlezi na mwalimu wa Thika, Ruiru, Juja na vitongoji vyake, kwa sababu najua mtoto kama huyo yuko kwenye ploti nyingi na madarasa mengi. Rai yangu ni moja: minyoo, upungufu wa damu na lishe duni husukana kama nyuzi tatu za kamba. Ukikata uzi mmoja tu, zile mbili zilizobaki zitaendelea kumfunga mtoto. Tembe ya minyoo peke yake haitoshi, dawa ya damu peke yake haitoshi, na chakula kizuri kikiingia kwenye tumbo lenye minyoo, sehemu yake huwanufaisha wasiopaswa kunufaika.

Jinsi nyuzi hizi zinavyosukana

Minyoo wa kawaida kwa watoto wetu ni wa aina chache. Yule mrefu wa mviringo, anayefanana na mnyoo wa ardhini, hufikia hata sentimita 30, na jike mmoja hutaga takriban mayai 200,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka na kinyesi, hukaa udongoni wiki kadhaa yakikomaa, kisha humrudia mtoto kupitia kucha, tunda lisilooshwa au maji machafu. Yakianguliwa tumboni, viluwiluwi hupita kwenye damu hadi mapafuni, mtoto huwakohoa na kuwameza tena. Ndiyo maana wakati mwingine kikohozi hutangulia maumivu ya tumbo. Huyu hushindana na mtoto kwa chakula, humfanya akinai sahani, na humpunguzia vitamini A.

Wa pili ni safura. Viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, na mnyoo mzima hujikita kwenye ukuta wa utumbo akanyonya damu. Mmoja hunywa kiasi kidogo mno. Mamia yao, kwa miezi, humkausha mtoto. Safura hupenda udongo wenye joto na unyevu, hasa Pwani na Magharibi mwa nchi, lakini sisi wa Thika na Ruiru ni watu wa kila kabila na kila kona. Disemba watoto wetu huenda ushago Busia, Kakamega au Kilifi, hucheza peku mwezi mzima, kisha hurudi Januari na mzigo usioonekana. Anayeogelea kwenye mifereji ya mpunga ya Mwea au ufuoni mwa Ziwa Victoria anaweza kurudi na kichocho, ambacho nacho humpotezea damu.

Wako pia wale wadogo wanaokaa utumbo mpana na kusababisha kuharisha kwa muda mrefu, na wale wembamba kama uzi wanaowasha sehemu ya haja kubwa usiku. Kisha kuna amiba na jiadia. Hawa si minyoo kabisa, na tembe ya minyoo ya dozi moja haiwatibu ipasavyo. Nitarudi hapo.

Sasa ongeza chakula. Mtoto anayekunywa chai na mandazi asubuhi, ugali na sukuma jioni, na katikati yake chipsi za barabarani, hupata shibe lakini hupata madini ya chuma kidogo sana. Damu hutengenezwa kwa madini hayo. Kidogo anachokipata kinavuja kupitia utumbo wenye minyoo. Mwili ukikosa damu, hamu ya chakula hupungua. Hamu ikipungua, mtoto hula kidogo zaidi. Kinga yake hudhoofika, huharisha mara kwa mara, na kile kidogo nacho hupotea. Kamba inakaza.

Dalili ambazo wazazi huzipita

Usingoje kuona mnyoo kwenye choo. Watoto wengi wenye minyoo hawaonyeshi chochote hadi wamedhoofika. Tazama haya:

Kimo. Mtoto wa umri wa shule ya msingi huongezeka takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Mpigie alama ya penseli kwenye fremu ya mlango kila sikukuu ya Krismasi na kila Agosti. Sare inayomtosha mwaka wa tatu ni jambo la kuchunguzwa.

Rangi. Tazama ndani ya ngozi ya chini ya jicho, viganja na ulimi. Linganisha kiganja chake na chako mchana, mlangoni, si chini ya taa.

Pumzi na usingizi. Anachoka kupanda ngazi, moyo unamwenda mbio, anaumwa na kichwa, anasinzia darasani, anaacha kucheza mpira mapema kuliko wenzake.

Kula visivyoliwa. Udongo, chokaa, chaki, mchele mbichi, au yale mawe laini yanayouzwa sokoni yanayoitwa odowa. Wengi hudhani ni tabia mbaya na humchapa mtoto. Mara nyingi ni mwili unaolilia madini, na udongo huo huo humletea mayai mapya ya minyoo. Usimchape. Mpeleke akapimwe.

Kuna dalili zisizongoja kesho: kutapika minyoo, tumbo kuvimba na kuwa gumu huku hapati choo, damu kwenye choo, miguu kuvimba, au weupe wa viganja pamoja na kupumua kwa shida akiwa ametulia. Kwa hayo nenda moja kwa moja hospitalini, iwe Thika Level 5 au hospitali ya Ruiru, hata kama ni usiku.

Kupima kwanza

Omba vipimo viwili: damu ya kidole kwa kiwango cha hemoglobini, na choo. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya gramu 11.5 kwa desilita. Wa miaka 12 hadi 14 ni chini ya 12. Chini ya 8 ni upungufu mkali. Thika iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwili wa mtu anayeishi juu huhitaji damu zaidi kidogo, kwa hiyo mtoto wa huku anayesimama ukingoni mwa kiwango hicho hastahili kupuuzwa.

Kwa nini tupime badala ya kununua tu dawa dukani? Kwa sababu si kila upungufu wa damu unatokana na minyoo au chakula. Kuna selimundu, ambayo ni ya kurithi na huonekana zaidi katika familia zenye asili ya Magharibi na Pwani. Kuna malaria ambayo mtoto ametoka nayo ushago. Kuna msichana aliyeanza hedhi nzito na anaona aibu kusema. Muulize binti yako kwa faragha, bila haraka, mkiwa wawili tu. Na kuna amiba na jiadia, ambao huhitaji dawa tofauti iliyoandikwa na daktari.

Kama bado hujasajili familia kwenye SHA, bima ya afya ya serikali, fanya hivyo kabla mtoto hajaugua. Na usimsahau mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, yule anayepita mlango kwa mlango na mkoba wake. Wahudumu wapatao 100,000 walizinduliwa nchini mwaka wa 2023. Muulize jina lake, muulize kituo kipi kina vifaa vya kupima wiki hii. Atakuokolea nauli.

Dawa, na mipaka yake

Tembe ya albendazole ya miligramu 400, au mebendazole ya miligramu 500, hutolewa mara moja kwa mtoto aliyezidi miaka miwili. Wa kati ya mwaka mmoja na miwili hupewa nusu ya albendazole, miligramu 200, baada ya kuonwa na mhudumu. Mtoto mdogo asilazimishwe kumeza tembe nzima akilia, maana anaweza kupaliwa. Iponde, uichanganye na maji. Tumbo linaweza kuuma kidogo siku hiyo, na minyoo wanaweza kutoka. Hilo lisikutishe.

Wape dawa watoto wote wa nyumba waliofika umri huo siku moja, na watu wazima pia, isipokuwa mama mjamzito ambaye anapaswa kumwona daktari kwanza. Kama tatizo ni wale wa uzi wanaowasha usiku, dozi hurudiwa baada ya wiki mbili, na mashuka na chupi zote zifuliwe siku ileile. Kichocho kina dawa yake nyingine, na kipimo chake hutegemea uzito wa mtoto.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mzazi alikumbuke. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi nyingi uliochapishwa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya watu kupewa dawa, maambukizi ya mnyoo wa mviringo yalikuwa yamerudi hadi karibu asilimia 94 ya yalivyokuwa mwanzoni. Dawa husafisha utumbo wa leo. Haisafishi choo cha ploti, kucha wala bomba.

Usidhani pia kwamba shule imemaliza kazi hiyo. Mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa, ulioenea nchini mwaka wa 2012, ulielekezwa zaidi Magharibi, Nyanza, Bonde la Ufa na Pwani, kwa sababu huko ndiko minyoo walikozidi. Muulize mwalimu waziwazi: mtoto wangu alipewa dawa lini mara ya mwisho? Iandike tarehe. Walio chini ya miaka mitano hupata dawa na vitamini A wakati wa kampeni ya Malezi Bora, mwezi wa Mei na Novemba. Kaka na dada zao wa shule ndio husahaulika.

Dawa ya kuongeza damu itolewe kwa kipimo. Mpe na juisi ya chungwa au maji, mbali na chai na maziwa. Choo kitakuwa cheusi, na hilo ni la kawaida. Endelea kwa muda wote alioandika daktari, kwa kawaida miezi kadhaa, hata mtoto akichangamka baada ya wiki tatu, kwa sababu ghala la mwili bado ni tupu. Na ifungie kabatini. Chupa ya tembe za chuma ikimezwa na mtoto mdogo kama peremende inaweza kumuua.

Kuhusu juisi ya bitiruti: ni zao zuri la shamba, lakini wekundu wake si damu. Madini ya chuma ndani yake ni kidogo. Usiitegemee ukaacha matibabu.

Sahani ya mtoto, kwa pesa zilizopo

Sijaja kukwambia ununue nyama kila siku. Nimefanya hesabu hizi na dada yangu mezani, noti zikiwa mbele yetu, na haya ndiyo tuliyoona yanawezekana.

Sogeza chai. Chai pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Wacha saa moja ipite baada ya mlo. Asubuhi mpe uji wa wimbi na ngwaci au nduma ya kuchemsha. Kama uji umechachushwa usiku kucha, ni bora zaidi.

Weka kitu kichachu kando ya kila sahani ya nafaka na mboga. Madini yaliyomo kwenye maharagwe, ndengu, managu na terere huingia mwilini kwa shida, lakini vitamini C huyafungulia mlango. Nusu chungwa, pera, nyanya mbichi, ndimu iliyokamuliwa juu ya githeri, au kipande cha nanasi, tukiwa tunaishi jirani na mashamba ya mananasi. Nunua nanasi zima ulikate mwenyewe nyumbani kwa kisu safi.

Loweka maharagwe na mahindi ya githeri usiku mzima, umwage yale maji. Unaokoa makaa au gesi, na unapunguza vitu vinavyoshikilia madini.

Mara moja kwa wiki, robo kilo ya maini kwa familia ya watu wanne. Siku nyingine, konzi ya omena. Kama mtoto hapendi macho ya omena yanavyomtazama, isage iwe unga, uikoroge kwenye mchuzi wa nyanya. Vipande vichache tu vya nyama au samaki humsaidia mtoto kuchukua madini ya maharagwe yaliyo kwenye sahani hiyohiyo.

Unga nao una hesabu. Tangu mwaka wa 2012 sheria inataka unga wa mahindi na ngano unaofungashwa viwandani uongezwe madini ya chuma, zinki na vitamini. Ule wa posho mill kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Ukipenda unga wa posho kwa ladha na bei yake, basi uwe makini zaidi na mboga, maharagwe na omena. Na msimu wa maparachichi kutoka Murang'a na Gatundu ukifika, nusu parachichi kwa siku humwongezea nguvu mtoto aliyekonda.

Ploti, bomba na choo

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 370,000 katika kaunti ndogo ya Ruiru pekee. Majumba yamepanda haraka kuliko mabomba. Maji ya Mto Thika hukusanywa Ndakaini na kupelekwa Nairobi, huku ploti nyingi zetu zikingoja maji ya zamu au ya mkokoteni. Kiandutu, Gachagi, Kimbo, Githurai: familia kumi hutumia choo kimoja, na lori la kufyonza maji taka huitwa pale tu shimo linapofurika. Haya ni madhila ya kweli, na mzazi mmoja hawezi kuyatatua. Lakini yako mambo yaliyo mkononi mwake.

La kwanza ni kinyesi cha mtoto mchanga. Wengi huamini hakina madhara, kwa hiyo pampasi hutupwa kwenye kiwanja kitupu, na kaka yake hucheza mpira palepale. Kinyesi hicho kinaweza kuwa na mayai sawa na cha mtu mzima. Kitumbukize chooni, pampasi uifunge na kuiweka kwenye taka zinazochukuliwa.

La pili ni mikono. Kama choo hakina bomba, tundika mtungi wa lita tano wenye tundu dogo na kifuniko, na sabuni ndani ya soksi kuukuu. Ndiyo kibuyu chirizi. Mwelekeze mtoto anawe akitoka chooni na kabla ya kula, na kila Jumapili jioni umkate kucha.

La tatu ni mboga. Sukuma iliyopikwa vizuri haina hatari, maana moto huua mayai ya minyoo. Hatari iko kwenye vinavyoliwa vibichi: kachumbari, dania, karoti, matunda. Sukuma iliyokwisha kukatwa na mama mboga haioshwi tena sawasawa, kwa hiyo omba majani mazima, uyaoshe moja moja kwa maji yanayotiririka, ndipo ukate. Na kisu kilichokata sukuma chafu kisikate nyanya za kachumbari kabla hakijaoshwa.

La nne ni viatu. Hata kandambili za bei ya chini hufunga mlango wa safura. Ziweke kwenye mkoba wa safari ya ushago kabla ya nguo za Krismasi.

La tano ni sauti yenu. Wapangaji kumi wakimwendea mwenye ploti pamoja kuhusu choo kinachofurika, husikizwa kuliko mmoja. Kwenye mkutano wa wazazi shuleni, ulizeni kama vyoo vinatimiza kiwango cha choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30, na kama kuna sabuni mahali pa kunawia. Katika shule za Busia, mradi ulioanza mwaka wa 1998 wa kuwapa watoto dawa ya minyoo ulipunguza utoro kwa takriban robo. Wataalamu wamejadiliana miaka mingi juu ya ukubwa wa faida zake, lakini mwalimu yeyote anajua mtoto aliyeko darasani akiwa macho hujifunza kuliko aliyelala.

Mwalimu, nawe nakuomba jambo moja. Kabla hujaandika "mvivu" kwenye ripoti, mwite mtoto dirishani utazame jicho lake. Kisha mpigie mzazi wake simu.

Mpwa wangu alipewa dawa pamoja na nyumba nzima, akanywa dawa ya damu miezi minne, chai ikahamishiwa saa kumi jioni. Mwezi wa kwanza aliacha ukuta. Mwezi wa pili alipanda ngazi hadi orofa ya tatu bila kusimama, nasi tukajifanya hatukumwona, tusije tukamwonea haya kwa majina tuliyompa. Tulimpima tena, damu ikasoma 12.1. Baada ya miezi sita akapimwa choo upya, kwa sababu tulishajua minyoo hurudi.

Mwaka uliofuata mikono ya ile sweta ilikomea juu ya vifundo vyake. Dada yangu aliipeleka dirishani, akaigeuza, akaikunja vizuri kwa ajili ya mdogo wake. Kisha akashuka sokoni kununua nyingine, akachagua kubwa.